Kamanda wa Anga na Mkia wa Tenki

Mwanamume pekee niliyewahi kumpandisha angani kwa kumvuta suruali alikuwa amejiandaa siku hiyo kuwaonyesha wakwe zake ukubwa wake! Na tusimnyime haki yake, aliuonyesha. Kila dakika alizidi kuwa mkubwa machoni pangu, na sababu yake utaiona hapo mbele.

Mimi ni dereva wa kreni. Saiti nzima wananiita Mama wa Juu. Kila asubuhi napanda ngazi za mnara mpaka kwenye kibanda changu cha vioo, nakaa, nafungua chupa yangu ya chai, na kuanzia hapo dunia yote iko chini ya miguu yangu. Usinionee wivu. Kutoka kule juu hakuna mzuri wala mbaya, hakuna mrefu wala mfupi. Binadamu wote ni kofia ngumu yenye ncha za viatu.

Ndiyo maana sifuati sura ya mtu. Nafuata glovu. Pale saiti palikuwa na jozi moja tu ya glovu za rangi ya machungwa, na anayezivaa ndiye mpiga ishara. Akiinua kidole na kukizungusha, napandisha mzigo. Akielekeza kidole chini na kukizungusha, nashusha. Wengine wote wanaweza kupunga mikono mpaka mabega yang'oke, siwajui!

Isipokuwa kwa ishara moja tu: ile ya kusimamisha. Mikono yote miwili inakunjuliwa pembeni, kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Hiyo hata akiipiga muuza karanga aliyepotea njia, kreni inasimama papo hapo, maelezo baadaye.

Mpiga ishara wetu alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Kimya. Mikono yake ilikuwa imesema sana maishani hadi mdomo ukaona bora ustaafu. Ukimwuliza habari za nyumbani, anakuonyesha kidole gumba. Ukimwuliza habari za mkewe, anakuonyesha vidole gumba viwili. Maongezi yamekwisha, kila mtu kazini.

Sasa njoo kwa mtu wetu. Kamanda!

Jina hilo alijipa mwenyewe, sisi tukalitumia kwa kumcheka, naye akadhani tumekubali. Kazi yake ilikuwa kushika mkia. Unajua mzigo ukining'inia kwenye ndoano hautulii, unazunguka huku na huku kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Basi unafungiwa kamba ndefu inayoshuka hadi chini, nasi tunaiita mkia. Mtu anaushika kwa mikono yake, anauongoza mzigo usibamize ukuta, na ukishapanda vya kutosha anauachia. Ni kazi ya heshima. Bila mshika mkia, bomba la chuma linaweza kuingia dirishani kwa watu bila kupiga hodi.

Lakini Kamanda aliiona ndogo. Yeye ashike mkia? Na mabega yale? Na mkanda ule wenye bizimu kubwa kama kisosi?

Kwa hiyo alipokuwa mbali na saiti alikuwa mtu mwingine kabisa. "Mimi ni Kamanda wa Anga," alimwambia mchumba wake. "Kreni ile haiinui hata kijiko bila kidole changu. Nikisema juu, ni juu!" Na kidole kilikuwa kinakwenda juu kweli, kinazunguka, maana Kamanda hakuweza kusema neno bila kulisindikiza kwa mikono. Akiomba chumvi mezani, vikombe vinasogezwa.

Mchumba mwenyewe alikuwa fundi cherehani, binti mtulivu mwenye macho ya kucheka, ambaye muda wote alikuwa na pini mdomoni. Alimsikiliza Kamanda jioni baada ya jioni bila kumkatiza. Kamanda alidhani ameshangazwa na ukuu wake. Mtu mwenye pini mdomoni atabishanaje?

Tatizo lilikuwa shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea binti yule, na shangazi alikuwa trafiki. Si trafiki wa kukaa ofisini, hapana, wa katikati ya njia panda! Mwanamke mpana, mwenye glovu nyeupe na filimbi inayosikika mtaa wa pili. Miaka yake yote ya kazi alikuwa anadanganywa na madereva kuanzia asubuhi mpaka jioni. "Afande, taa imekufa sasa hivi tu!" "Afande, breki ni nzima, ni gari tu ndilo halisimami!" Uongo alikuwa anaunusa kabla haujashuka kwenye gari.

Aliposikia sifa za Kamanda, alikunja uso.

"Mwanangu," alimwambia binti, "huyu bwana nimemsikia vya kutosha. Sasa nataka kumwona. Nitakwenda hapo kazini kwake nisimame nitazame. Nikimkuta ndiye huyo anayesemwa, watu wake waje tuzungumze mambo ya ndoa. Nikimkuta mwongo, asikanyage tena mlango wangu, hata kuulizia maji ya kunywa!"

Habari hiyo ilimfikia Kamanda wakati wa chai. Nilikuwa nimeshuka, nimekaa kwenye benchi la mama wa chai, nikamwona anakuja amenyong'onyea, mikono imekufa mifukoni. Mikono ya Kamanda mifukoni! Nikajua kuna msiba.

"Dada yangu, nimekwisha," akasema. "Shangazi yake anakuja kuniangalia nikiongoza kreni."

"Kamwambie ukweli kabla hajafika."

"Nimwambie nini? Kwamba nashika mkia?"

"Mkia si unashikwa na watu?"

"Dada, yule ni afande! Atamwoza binti yake kwa mtu wa mkia?" Akafuta jasho. "Na mimi bila yule msichana, nakwambia ukweli wa Mungu, sijui nitarudi nyumbani kufanya nini."

Hapo nilimwonea huruma, maana kwa mara ya kwanza alikuwa anazungumza bila kupunga. Halafu akainuka, akamfuata Kimya, akamwomba amwazime glovu kwa muda mfupi tu. Kimya alimtazama kuanzia buti hadi kofia. Kisha akakunjua mikono yote miwili pembeni. Simama! Nikacheka mpaka chai ikanipalia, nikajua jambo lile limezikwa hapo.

Kumbe wapi!

Siku ya siku, shangazi akafika na binti. Hakuvaa sare, alivaa gauni la maua, lakini mkoba ulikuwa umetuna kwa filimbi. Langoni wakapokelewa na afisa usalama wetu, tunayemwita Mama Usalama, mwanamke mwembamba ambaye hajawahi kuruhusu mtu kuvuka lango lile bila somo. Awe waziri, awe mleta barafu, lazima asikilize!

Haya ya chini mimi sikuyasikia, nilikuwa kibandani kwangu. Nilisimuliwa na mama wa chai, ambaye habari ikipita karibu naye haifiki mbali.

"Kofia kichwani," Mama Usalama akaanza. "Hampiti chini ya mzigo. Mzigo hauna macho, ninyi mnayo. Hamwongei na mpiga ishara akiwa kazini. Kamba ile mnayoona inaitwa mkia. Mkia unashikwa kwa mkono! Haufungwi mkononi, haufungwi kiunoni, haufungwi popote penye mtu! Na mkiona hatari, yeyote kati yenu, fanyeni hivi." Akakunjua mikono. "Kreni itasimama."

"Hivi?" shangazi akauliza, akakunjua yake.

Lori la mchanga lililokuwa linakaribia lango likafunga breki. Dereva akatoa leseni dirishani.

"Hivyo hivyo," Mama Usalama akasema kwa heshima kubwa.

Na asubuhi, sisi wafanyakazi tulipopewa somo hilohilo, Kamanda alikuwa wapi? Alikuwepo! Kila asubuhi yupo. Husimama nyuma kabisa, ameegemea lundo la matofali, kofia imeshuka machoni, anasinzia kwa wima. Somo lile alilihudhuria kuliko mtu yeyote na hakuwahi kulisikia.

Mzigo wa saa ile ulikuwa tenki la maji la plastiki, jeusi, kubwa kiasi kwamba ungeweza kulipangisha. Lilikuwa linakwenda juu ya paa. Kimya alikuwa ameshalifunga mikanda, ameikagua, amelifunga na mkia wake, anasubiri watu wa juu wawe tayari. Na hapo tumbo la Kimya likampigia ishara ya dharura. Akatazama juu, akaniwekea mkono wa kusubiri, akavua glovu akaziweka juu ya pipa lililopinduliwa, akaelekea chooni kwa hatua za mtu anayejaribu kutokimbia.

Wakati huohuo mimi niligeuka kujimiminia chai. Nilipotazama tena chini, glovu zilikuwa zimerudi mikononi mwa mtu. Kofia, viatu, glovu. Nikasema, loo, mzee leo amekuwa mwepesi!

Hakuwa mzee. Shangazi alikuwa amefika uwanjani, na Kamanda aliona mlango wa mbinguni umefunguka juu ya pipa.

Ila mkia ukamtatiza. Akiuachia, tenki litabamiza ukuta. Akiushika, shangazi atamwona ameshika kamba kama mchunga mbuzi, na tena kidole cha kuamuru atakitoa wapi? Akafikiri. Mama wa chai anasema ungeweza kumwona akifikiri, masikio yalikuwa yanacheza. Kisha akarudisha mikono nyuma, akauingiza mkia kwenye mkanda wake wa suruali, akapiga fundo, akapiga na la pili, akashusha kizibao chake cha kung'aa kikafunika kila kitu. Mama wa chai alidhani anajikuna.

"Shikamoo shangazi!" akasema kwa sauti ya redio.

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe."

"Ndiye mimi! Karibuni sana kwenye himaya yangu. Mnaona lile dude la chuma kule juu? Lile halina akili. Akili yake ni hii hapa!" Akagonga kofia yake. "Sasa tazameni. Msipepese macho."

Akapanua kifua. Akainua kidole chenye glovu ya machungwa. Akakizungusha.

Nikapandisha.

Tenki likaachana na ardhi bila tatizo. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Binti alitabasamu na pini zake. Kamanda akazidi kukizungusha kidole, akazunguka na kiuno, kwa raha! Mkia nao ukawa unaondoka mavumbini taratibu, ukanyooka, ukamtafuta mwenyewe.

"Mbona unasimama kwa ncha za vidole?" shangazi akauliza.

"Ni... ni taratibu za kikazi, shangazi!"

"Na sasa mbona miguu haigusi chini?"

"Nakagua!"

Alikuwa ameshafika usawa wa kofia ya shangazi, suruali imempanda hadi mahali ambapo suruali haitakiwi. Mkanda ulikuwa umemshika nyuma, kwa hiyo akainama mbele, uso chini, akaning'inia kama shati lililoanikwa likiwa na mtu wake ndani. Na hapo ujasiri wote ukamwisha. Akaanza kupiga makelele na kuzungusha mikono kama mtu anayeogelea kwa mara ya kwanza.

Kuzungusha mikono!

Tafadhali jiweke kwenye kiti changu. Sauti hainifikii. Naona kofia, naona glovu za machungwa zikizunguka. Kuzunguka ni kupandisha. Nikapandisha. Glovu zikazunguka kwa kasi zaidi, zote mbili. Nikasema, Kimya leo ana haraka, labda tumbo halijamaliza. Sikuongeza mwendo, mimi sina papara, lakini nikaendelea.

Na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Ile kofia ilikuwa inakua! Mwanzo ilikuwa kama kifungo cha shati. Ikawa kama kizibo cha chupa. Nikafuta kioo kwa leso. Ikawa kama kikombe. Mtu akiwa chini na mtu akiwa angani, kutoka kwangu ni kitu kilekile, ila wa angani anazidi kuwa mkubwa.

Kamanda alipita ghorofa ya pili. Alipofika ya tatu, upepo ukamsukuma hadi kwenye dirisha ambalo halijawekwa kioo, ambamo fundi plasta alikuwa anasawazisha ukuta huku anaimba. Fundi akageuka, akamwona mwenzake yuko hewani, ndani ya fremu, kama picha ya ukutani.

"Karibu!" akasema kwa mazoea.

"Asante, napita tu!" Kamanda akajibu kwa mazoea, kisha upepo ukamtoa.

Chini, binti alikuwa amezitema pini zote. "Shangazi, anapanda! Shangazi, fanya kitu!" Na machozi yalikuwa yanamtoka kweli, maana yule si Kamanda wa Anga kwake, ni mtu wake, na alikuwa ananing'inia kwa suruali.

Shangazi hakupoteza muda. Akajitupa katikati ya uwanja, mahali pa wazi ninapopaona vizuri, akachomoa filimbi mkobani. PIIIIII! Na mikono yote miwili ikakunjuliwa!

Jamani, nimeona ishara nyingi katika kazi hii, lakini ile! Mwanamke yule alisimama kama vile ardhi yote ni mali yake. Nikasimamisha kreni. Mchanganya zege akasimamisha mashine. Mwenye toroli akasimama mguu mmoja hewani. Barabarani, nje ya uzio, magari yote yakasimama pande mbili, na mwenye baiskeli akashuka akaanza kujitetea.

Nikasimama kitini, nikachungulia vizuri. Ndipo nikaona kofia ina mgongo, mgongo una suruali, na suruali ina mkia wa tenki! Chai ilinitoka mkononi. Nakwambia bila kuficha, niliogopa. Mkanda mmoja wa dukani na vishikizo vyake ndivyo vilivyokuwa kati ya mtu yule na ardhi.

Nikatazama chini nipate maelekezo ya kumshusha. Loo! Saiti nzima ilikuwa imegeuka makamanda! Mama wa chai alikuwa ananionyesha chini. Wafunga nondo walikuwa wananionyesha kushoto. Fundi plasta alitoa kichwa dirishani ananiita kwake. Mlinzi wa lango alikuwa anapunga fimbo, sijui anataka nini. Hata mwenye toroli alichangia kwa ule mguu wake. Ningemfuata kila mmoja, Kamanda angeshukia kwenye mashine ya zege.

Kwa hiyo nikatafuta glovu. Na glovu zilikuwa wapi? Angani!

Basi nikamngoja mwenye glovu anipe ishara ya kushusha. Kidole chini, zungusha, ni kitu cha mtoto. Na hapo ndipo siri kubwa ilipofichuka mbele ya kadamnasi: Kamanda hakujua ishara ya kushusha! Nyumbani, mtaani, mezani, miaka yote ile ya kujisifu, alikuwa anafanya mazoezi ya kupandisha tu. Alijaribu kupunga kama anayeaga wasafiri. Alijaribu kuunganisha viganja kama anayeomba msamaha. Mwishowe, kwa kuchanganyikiwa, akaanza tena kuzungusha kidole juu, na watu wote chini wakapiga ukelele mmoja: "HAPANAAA!"

Wakati huo mlango wa choo ukafunguka. Kimya akatoka anafunga kifungo. Akaona pipa tupu. Akafuata macho ya watu, akatazama juu. Na mzee yule, ambaye wengine tulidhani amezaliwa bila sauti, akafungua mdomo.

"GLOVU!"

Watu walishtuka kuliko walivyoshtushwa na mtu wa angani. Mama wa chai alishika kifua. Mwenye toroli hatimaye akaushusha mguu.

Kamanda akaelewa. Akavua ya kwanza kwa meno, akairusha, ikatua ndani ya sufuria ya chai. Akavua ya pili, akairusha, ikatua juu ya kofia ya shangazi na kukaa hapo imetulia. Shangazi hakuishusha mikono yake hata kidogo. Alikuwa ameagizwa kusimamisha, na alikuwa anasimamisha. Kimya ndiye aliyeichukua kichwani kwake kwa adabu, akaopoa na ile nyingine ikiwa inatoa mvuke, akazivaa zote mbili, akasimama mbele yangu.

Hapo roho yangu ikatulia. Shangazi akashusha mikono. Kidole cha machungwa kikaelekea chini, kikazunguka polepole, polepole sana, nami nikashusha kama anayemlaza mtoto asiamke. Kamanda akapita tena dirishani kwa fundi plasta. Safari hii hawakusalimiana.

Alitua kwenye lundo la mchanga, tumbo kwanza, kisha kidevu. Mama Usalama alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimpapasa mbavu, akamwuliza anaona vidole vingapi, akaridhika kwamba ni mzima, na baada ya hapo akaanza kumfokea. Alimfokea yeye, akamfokea Kimya kwa kuacha glovu juu ya pipa, akatazama juu akanifokea na mimi, na ingawa sikusikia kitu niliinamisha kichwa. Kimya alivua kofia, akasema maneno mawili, "Kosa langu," akamaliza akiba yake ya mwaka.

Kisha watu wakafungua njia. Shangazi alikuwa anakuja.

"Kijana."

"Naam, shangazi." Kamanda alikuwa amepiga magoti, mchanga umejaa kinywani.

"Kazi yako hapa ni ipi hasa?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mikono akaiweka nyuma. "Nashika mkia, shangazi."

"Sema kwa sauti, na wa juu wasikie."

"NASHIKA MKIA!"

Hiyo niliisikia mwenyewe, tena vizuri. Nikapiga honi ya kreni kumthibitishia.

"Na kushika mkia kuna aibu gani?" shangazi akauliza. "Mimi nilianza kazi kwa kupanga koni barabarani, jua langu, mvua yangu, magari yananirushia matope. Kwa nini ulijifanya kamanda?"

"Nilidhani binti yako utampa kamanda tu."

Halafu yule binti akasogea mbele, akiwa anafuta macho kwa tepu yake ya kupimia.

"Shangazi, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba anashika kamba. Kamanda gani ana sugu za kamba viganja vyote viwili? Kila akinishika mkono ananikwaruza. Nilijua tangu mwanzo, na nilimpenda hivyo hivyo."

Kamanda alimtazama kama aliyepigwa na nondo. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na pini mdomoni."

Shangazi akamzungusha Kamanda kama gari linaloshukiwa, akamkagua nyuma. Fundo lilikuwa bado lipo, mkanda umepinda kama upinde, lakini suruali haikuwa imeachia hata uzi.

"Hivi vishikizo vya mkanda nani amevishona?"

"Mimi," binti akajibu. "Akijisifu ana tabia ya kujivuta mkanda. Nikavipiga cherehani mara tatu."

Shangazi akavuta pumzi ndefu. "Haya. Wewe bwana hujaposa vizuri hata kidogo. Iliyoposa leo ni hii suruali. Kwa sababu yake, watu wako na waje. Lakini kila asubuhi utasimama mbele kabisa pale langoni, na somo la huyu mama utalisikiliza macho yakiwa wazi. Nitapita kukagua."

Na kweli alikuwa anapita. Mama Usalama naye hakuiacha nafasi ile ipotee. Hadi leo kila asubuhi anauliza, "Mkia tunaufunga wapi?" na sisi wote tunajibu, "Hatuufungi, tunaushika!" halafu tunamgeukia Kamanda, naye anageuka nyuma mwenyewe kuonyesha mahali pasipofungwa. Amekuwa mshika mkia hodari, kusema haki. Anavaa glovu zake za kawaida, anasimama pembeni, mzigo ukitulia anauachia.

Watu wake walikwenda nyumbani kwa shangazi, na mambo yakazungumzwa yakaisha. Mimi na Kimya tulialikwa kwenye chakula kama ndugu wa bwana, maana ni sisi tuliompandisha na kumshusha. Sebule ilijaa. Tulipokuwa katikati ya kula, Kamanda wetu akaombwa aseme maneno mawili ya shukrani.

Akasimama. Akashukuru vizuri, kwa unyenyekevu, nikaanza kujivunia. Kisha akakohoa kidogo, akapanua kifua.

"Na wengi wenu mtakuwa mmesikia," akasema, "kuhusu siku ile niliyojitolea kupaa mwenyewe kulikagua tenki kutoka angani, jambo ambalo makamanda wachache sana..."

Mkono ukatoka mfukoni. Kidole kikainuka. Kikaanza kuzunguka.

Kutoka upande wa pili wa meza, shangazi akakunjua mikono yote miwili pembeni. Sebule nzima ikanyamaza. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikasimamisha kijiko hewani, katikati ya sahani na mdomo.

Kamanda akabaki ameduwaa, kidole juu, hajui aende wapi. Alikuwa bado hajaijua ile ishara nyingine.

Ndipo binti akaunyoosha mkono wake juu ya meza. Hakuwa na pini mdomoni, hakuwa na glovu. Akaelekeza kidole chini, akakizungusha polepole, kama alivyomwona Kimya akifanya siku ile. Na Kamanda, akimtazama yeye tu, akakunja magoti kidogo kidogo, akashuka, akashuka, mpaka akatua kwenye kiti.

Kimya akanigeukia, akanionyesha vidole gumba viwili. Nami nikapandisha kijiko.